Anajua kila kitu, ila kinachelewa kufika: kisa cha wakala wa forodha mwenye MS

Kontena la futi 40 lilikaa bandarini Dar es Salaam mpaka muda wa bure ukaisha, mteja akatozwa gharama za kuhifadhi. Siku chache kabla ya hapo mteja huyo alikuwa amempigia simu wakala wake kumweleza kwamba ankara ya mzigo imebadilishwa na mpya iko kwenye barua pepe. Wakala akajibu, "Sawa kaka, nimekuelewa." Ankara mpya haikuingizwa kwenye mfumo. Alipoitwa na meneja alisema hajapokea simu ya namna hiyo, na alilisema hilo bila kubabaika. Simu yake ilipofunguliwa, mazungumzo yalionekana: dakika 4, saa nane mchana.

Meneja akaandika barua ya onyo. Gharama angeweza kuzisamehe, alisema, lakini uongo hapana.

Wakala huyo ni mwanamke, wakati huo wa miaka 38, mama wa watoto wawili, na ana multipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS kwa kifupi. Meneja alikuwa anaujua ugonjwa huo. Alijua kwamba miaka kadhaa nyuma dada huyu aliwahi kulazwa kwa sababu ya miguu, akapona, akarudi kazini. Hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa wa miguu unaweza kuwa ugonjwa wa simu iliyosahaulika. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika, na vipande vingine nimevichukua kwa wagonjwa wenye hali kama yake. Kwa hiyo msomaji asianze kumtafuta mtu Kurasini, jirani na bandari.

Tuanze na miguu, kwa sababu ndiyo iliyowapoteza watu njia. Akiwa na miaka 29 jicho lake la kulia liliingia ukungu, likawa linauma kila akiligeuza. Baada ya wiki chache likarudi karibu kama zamani, naye akaambiwa ni uchovu wa kompyuta. Miaka 2 baadaye ganzi ilianzia nyayoni ikapanda hadi kiunoni. Safari hii alipigwa picha ya MRI, na katika ubongo na uti wa mgongo kukaonekana makovu ya umri tofauti. Hapo ndipo jina la ugonjwa lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Katika MS mfumo wa kinga wa mwili hushambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Nyuzi zenyewe nazo huumia. Duniani kuna watu wapatao milioni 2.9 wenye ugonjwa huu, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40. Kadiri unavyosogea karibu na Ikweta ndivyo unavyozidi kuwa adimu, na ndiyo maana jicho la kwanza lilipita bila mtu kushtuka.

Alichomwa sindano za steroidi, akatembea. Akajiona amepona, na nyumbani pia wakamwona amepona. Dawa ya kuzuia mashambulizi mapya hakuianza kwa karibu miaka 4: bei yake ilitisha, na ni vigumu kumshawishi mtu anayepanda daladala mwenyewe akope fedha za kutibu kitu asichokihisi. Baada ya shambulio la tatu ndipo alipoanzishiwa rituksimabu. Tangu hapo hakupata shambulio jingine. Kila akienda kliniki alipimwa nguvu za miguu, uwezo wa kusimama bila kuyumba, macho na mwendo, kisha akaambiwa anaendelea vizuri.

Hilo la "vizuri" ndilo ninalolipinga katika kisa hiki. Kipimo cha ulemavu kinachotumika sana kwenye MS kilichapishwa na daktari Mmarekani John Kurtzke mwaka 1983. Kinaanzia 0 hadi 10, na kuanzia alama ya 4 kwenda juu kinachohesabiwa zaidi ni umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea. Dada huyu alikuwa na alama 2. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuachishwa kazi kwa sababu ya kusahau, ndoa ikayumba, na alama yake ibaki ileile kwa kuwa bado anatembea mpaka kituoni.

Si kwamba jambo hili ni jipya. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina huko Paris mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, aliandika kwamba wagonjwa wake walidhoofika kumbukumbu na mawazo yao yaliundwa polepole. Maneno yake yaliwekwa kando kwa zaidi ya karne. Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake wa Milwaukee waliwapima watu 100 wenye MS waliokuwa wakiishi majumbani kwao, si wagonjwa mahututi wa wodini, wakakadiria kwamba asilimia 43 ya wagonjwa wa namna hiyo wana upungufu wa kufikiri. Ukisoma hilo halafu ukatazama faili la mgonjwa wetu, lenye kurasa nyingi kuhusu magoti bila hata mstari mmoja kuhusu kumbukumbu, unajiuliza habari huwa zinakwama wapi njiani.

Alipoletwa kwangu, mimi ninayepima kumbukumbu na kufikiri, hakuja kwa ajili ya kusahau. Alikuja na mumewe, na mume ndiye aliyeongea. "Mama watoto ananidharau siku hizi. Namwambia jambo anaitikia, kesho anasema sikumwambia." Yeye alikaa kimya akiangalia mkoba wake. Nilipomuuliza mwenyewe, alifikiri kidogo kisha akasema, "Najua kila kitu. Ila kinachelewa kufika."

Nimewasikia wataalamu wakieleza hali hii kwa maneno mengi zaidi na kwa usahihi mdogo zaidi.

Kabla ya kuulaumu ubongo kuna vitu vya kuondoa kwanza, na hapa ndipo haraka huharibu. Sonona huwapata karibu nusu ya watu wenye MS wakati fulani maishani, na mtu mwenye sonona husahau. Kwa dada huyu ilikuwepo, ya kiasi, na ilikuwa imeanza baada ya barua ya onyo wakati matatizo ya kazini yalikuwa yameshatangulia. Usingizi wake ulikatika mara 3 au 4 kila usiku kwa kwenda chooni, kwa sababu MS ilikuwa imekigusa kibofu. Kwa ajili ya kibofu hicho aliandikiwa oksibutinini, dawa ambayo kazi yake ni kuzuia asetilikolini, na asetilikolini ni kemikali ileile ambayo ubongo huihitaji kuweka kumbukumbu. Sikulipenda hilo hata kidogo. Daktari wake alibadilisha dawa, na ndani ya wiki chache mgonjwa akasema kichwa kimekuwa chepesi. Damu, tezi ya shingo na vitamini B12 vilikuwa sawa. Picha mpya ya MRI haikuonyesha kovu lolote linalowaka, kwa hiyo halikuwa shambulio jipya lililojificha.

Baada ya hayo yote sehemu ya tatizo iliondoka, na sehemu kubwa ikabaki.

Nilimwomba anionyeshe kazi yake kwenye meza, kama anavyoifanya ofisini. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Zamani, alisema, alikuwa anaitupia jicho mara moja kwenye hati ya meli kisha anaiandika yote bila kurudi. Sasa aliandika herufi na tarakimu 2, akarudisha macho, akaandika 2 nyingine, akarudisha macho tena, akamalizia. Hakukosea hata moja. Ila alipokuwa katikati ya namba ya tatu, simu ya mtu ikalia nje ya mlango. Kidole chake kikasimama hewani, akaifuta namba yote na kuanza upya.

Kisha nikamuuliza mambo ya ushuru. Mchele? "1006." Magari ya abiria? "8703." Vipuri vyake? "8708," na hapo akaongeza kwa madaha kwamba watu wengi huchanganya vipuri vya gari na vya pikipiki, akaeleza kwa nini, akataja na makosa ambayo mawakala wachanga huyafanya. Hayo yote aliyajibu papo kwa papo. Mtu aliyemsikia hapo asingeamini kwamba ndiye aliyeipoteza namba kwa mlio wa simu.

Tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo picha ya MS kichwani. Alichojifunza zamani kipo: lugha ipo, ujuzi upo, busara ipo. Kilichopungua ni kasi ya kupokea na kuchakata, pamoja na nafasi ya kushikilia kitu kwa sekunde chache huku kingine kikiendelea. Vipimo vilisema vilevile. Kuna kipimo ambacho mtu hupewa alama 9 za kuchora, kila moja na tarakimu yake, kisha kwa sekunde 90 alinganishe nyingi awezavyo. Hiki ndicho kinachogundua mapema zaidi matatizo ya kufikiri kwenye MS, na kwa kuwa hakitegemei maneno kinavuka lugha bila taabu kubwa. Alipata 39, wakati mtu wa umri na elimu yake angetarajiwa kupita 50. Nakiri kwamba viwango hivyo vya kulinganisha vimetoka Ulaya na Marekani, ndiyo maana sikuipa namba hiyo uzito wa hukumu. Uzito wake ni kuwa mwanzo wa kumlinganisha yeye na yeye mwenyewe.

Kipimo cha pili kilinifundisha zaidi. Ni orodha ya maneno 16 inayosomwa mara 5, na kila mara mgonjwa hutaja anayoyakumbuka. Mara ya kwanza alitaja 4. Mara ya tano alifika 11, bado chini ya wenzake. Lakini baada ya dakika 25 za shughuli nyingine, nilipomuuliza tena, alitaja 10. Maana yake ni kwamba kilichoingia hakikuvuja. Shida ilikuwa mlangoni. Ile simu ya mteja haikufutika kichwani mwake, kwa sababu haikuwahi kuingia: ilimkuta saa nane mchana, ofisini kuna joto, mbele yake kuna hati nyingine wazi, na mteja anaongea kwa kasi. Aliitikia "sawa" kwa adabu, huku ubongo wake ukiwa bado kwenye sentensi ya kwanza. Kwa hiyo hakusema uongo aliposema hajapokea simu. Kwake simu hiyo kweli haikuwepo.

Ni kama Kigamboni siku ambayo kivuko kinachofanya kazi ni kimoja. Magari yote yatavuka, lakini foleni ikizidi kuna watakaokata tamaa na kugeuza.

Kwa nini iwe hivyo wakati mashambulizi yamekoma? Hapa nililinganisha picha zake mbili za MRI, zilizopishana miaka 7. Makovu meupe ambayo kila mtu huyatafuta yalikuwa yameongezeka kidogo tu. Kilichobadilika ni ventrikali ya tatu, ule uwazi mwembamba wa maji ulio katikati ya ubongo: ulikuwa umepanuka. Pande zake mbili imekaa thalamasi, kituo ambacho habari nyingi za ubongo hupitia zikielekea sehemu nyingine. Thalamasi ikinywea, uwazi ule hupanuka, na kunywea huko huendana na kupungua kwa kasi ya kufikiri kuliko idadi ya makovu inavyoendana nayo. Kuna pia makovu ya gamba la ubongo ambayo MRI ya kawaida haiyaoni vizuri. Ubongo wa mtu mwenye MS ambaye hajatibiwa hupungua kwa takriban nusu asilimia hadi zaidi ya asilimia 1 kila mwaka, kiasi ambacho ni mara kadhaa ya mtu mzima mwenye afya wa umri wake. Ripoti ya picha ya pili ilisema "hakuna mabadiliko makubwa". Kwa makovu ilikuwa kweli.

Halafu kuna joto. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliona mwaka 1890 kwamba wagonjwa wake waliona vibaya zaidi wakishatembea na mwili kupata joto. Uzi wa neva uliopoteza mayelini hupitisha umeme kwa shida, na joto la mwili likipanda hata kidogo huzidi kushindwa. Kinachotokea kwa jicho hutokea pia kwa fikra. Dada huyu alifanya kazi kwenye chumba ambacho kiyoyozi kilikuwa upande wa meneja. Tulipopima asubuhi na tukapima tena alasiri moja ya mwezi wa pili, tofauti ilionekana hata bila kuhesabu.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu kueleza kuliko ofisini. Mama mkwe alikuwa ameshaamua kwamba ni maringo ya mwanamke mwenye mshahara. Mume alisikiliza maelezo ya ubongo kwa heshima, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa: "Mbona nyimbo za kwaya za utotoni anaziimba mpaka beti la mwisho, mimi nikimwambia ada ya mtoto anasahau?" Nikamwambia jibu liko ndani ya swali lake. Nyimbo zile ziliingia zamani, wakati mlango uko wazi. Nikamuuliza mkewe kuhusu nyimbo mpya za kwaya. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisema amekuwa akifungua na kufunga mdomo bila sauti tangu Pasaka, na kiongozi wa kwaya hajagundua.

Mume naye akacheka, na nadhani hapo ndipo neno "dharau" lilipoondoka, ingawa sikuliona likitoka.

Matibabu yake hayakuwa na maajabu. Rituksimabu iliendelea, maana kila shambulio linalozuiwa ni ubongo uliookolewa. Dawa hiyo, pamoja na kladribini na glatirameri, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, jambo linalowapa wagonjwa wa nchi zetu hoja ya kuidai. Lakini sikumficha kwamba dawa hizi huzuia zaidi kuliko zinavyorudisha. Kaka yake alileta vidonge vya ginko vya bei mbaya. Ginko imejaribiwa kwa watu wenye MS na haikuwasaidia kukumbuka. Donepezili, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, nayo ilijaribiwa na haikuishinda dawa bandia. Nilimwomba fedha hizo aweke feni ya maana mezani kwake, na hilo sikulisema kwa utani.

Kilichofanya kazi ni kuushughulikia mlango. Nancy Chiaravalloti na John DeLuca wa New Jersey walichapisha mwaka 2013 jaribio la watu 86 wenye MS, ambapo takriban nusu yao walifundishwa kwa vipindi 10 kugeuza habari kuwa picha na hadithi kabla ya kuihifadhi. Waliofundishwa walijifunza vizuri kuliko wengine. Tulifanya vivyo hivyo kwa mambo ya kwake: mteja, mzigo na tarehe vikawa kisa kifupi chenye picha, kadiri kinavyochekesha ndivyo bora. Mteja wa vigae akawa mtu anayelala juu ya vigae vyake getini siku ya Alhamisi. Alikuwa mzuri sana kwa hilo, na watu waliosoma na kufanya kazi ya akili kwa miaka mingi mara nyingi wana akiba ya namna hii ambayo ugonjwa hauifikii haraka.

Mengine yalikuwa mipango tu. Hati nzito huzifanya kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Namba ya kontena huisoma kwa vipande, kwa sauti. Maagizo ya wateja yanakuja kwa maandishi kwenye WhatsApp, na anayepiga huombwa atume ujumbe pia. Na "sawa" imepigwa marufuku mpaka kwanza arudie alichoambiwa kwa maneno yake. Mume aliona hili la mwisho ni la kitoto, mpaka siku aliporudiwa maneno yake na kugundua kuwa tarehe ya ada aliikosea yeye mwenyewe.

Kazini mambo hayakwenda laini. Meneja aliisoma ripoti, akaiondoa barua ya onyo kwenye faili, akahamisha meza yake karibu na kiyoyozi. Lakini alimtoa pia kwenye wateja wakubwa bila kumuuliza, na kwa mawakala wateja wakubwa ndio wenye marupurupu. Nilimweleza dada huyu kuhusu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na wajibu wa mwajiri. Alikataa kuitumia, kwa kuwa hakutaka neno ulemavu liandikwe mbele ya jina lake. Nilidhani anakosea na bado nadhani hivyo, ila uamuzi ulikuwa wake.

Familia huuliza sana atakuwaje baada ya miaka 10. Watafiti wa Florence waliwafuatilia wagonjwa waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa: katika kipimo cha kwanza asilimia 26 walikuwa na upungufu wa kufikiri, na baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 56. Karibu nusu, basi, walibaki salama, na hao walikuwa watu wa enzi ambayo dawa zilikuwa chache. MS kwa kawaida haiendi kama Alzheimer. Hatarajiwi kusahau majina ya wanawe wala njia ya kwenda kwao Mbagala. Anachoweza kutarajia ni kasi kupungua kidogo kidogo, na pengine kupanga mambo mengi kwa wakati mmoja kuwa kugumu zaidi, kwa mwendo ambao hakuna picha ya leo inayoweza kuutabiri kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo tunampima. Kile kipimo cha sekunde 90 kinarudiwa kila mwaka, asubuhi, mwezi uleule, na hakizidi dakika 5 pamoja na maelezo. Kushuka kwa alama 4 huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana, na tukiliona tutaanza kwa kuuliza usingizi, dawa na huzuni, kisha MRI, kisha dawa yenyewe ya MS. Mwaka wa kwanza alipata 43. Mwaka wa pili alipata 42. Kipimo cha alipokuwa na miaka 31, siku jina la ugonjwa lilipotajwa, kingetuambia amepoteza kiasi gani tangu hapo. Hakikufanyika. Binti aliyeletwa mwezi uliopita na jicho lenye ukungu ameshafanyiwa chake.